Tisa Nne Mkononi

Karata mbovu kila mtu anajua kuicheza. Unanuna kidogo, unaweka chini, unasubiri nyingine. Inayowashinda watu ni karata nzuri. Nimeona wanaume wazima, madereva wanaoweza kuvusha gari mto uliojaa huku wanakunywa chai, wakishika karata nzuri wanaharibikiwa kabisa. Na mimi nilikuwa mmoja wao kwa miaka miwili, ingawa mimi ni mwanamke na nilijiona nina akili kuwazidi.

Naendesha magari ya watalii. Ofisi yetu iko Sekei, hapa Arusha, na nyuma yake kuna uwanja wa gereji ambako magari yanaoshwa na kukaguliwa kati ya safari na safari. Hapo ndipo tunapochezea. Poka tulifundishwa na mgeni mmoja, mwalimu mstaafu, siku ndege yake ilipochelewa nusu siku kwenye uwanja wa nyasi huko porini. Alitugawia karata juu ya boneti, akatueleza nini kinashinda nini, na alipoondoka akatuachia pakiti yake. Tangu hapo hatujaacha. Hatuchezi kwa hela. Nusu yetu ni Walutheri na wake zetu au mama zetu wangetufukuza nyumbani. Tunacheza kwa vizibo vya soda, juu ya mfuniko wa deli, lile boksi la kuwekea vinywaji vya wageni.

Mchezo wenyewe si mgumu. Unapewa karata tano. Kila mtu ametanguliza kizibo kimoja katikati. Unaangalia zako, unaweka vizibo au unajitoa, halafu mara moja tu unaruhusiwa kubadilisha zile usizozitaka. Unaweka tena. Anayebaki na karata kubwa anazoa vyote. Jozi ni kitu kidogo, tatu za namba moja ni kitu, tatu na mbili pamoja ni kitu kikubwa, na nne za namba moja unaweza kucheza mwaka mzima usizione.

Sasa, ugonjwa wangu ulikuwa huu. Nikipata karata nzuri, nanyamaza. Kila siku mimi ni mwanamke wa maneno: nalalamikia springi za gari langu, namlalamikia meneja, nalalamikia chai ya ofisini ambayo ni maji ya moto yaliyopitishiwa majani. Lakini zikija karata tatu za namba moja, naweka mkono juu ya goti, nafungua chupa yangu ya maji taratibu, nakunywa funda moja, nasema kwa sauti ya chini, "Haya, nafuata." Na wenzangu wote wanaweka karata chini. Miaka miwili nilikuwa nashika karata kubwa na kuzoa vizibo viwili, vitatu. Nikadhani ni bahati mbaya.

Nilijitambua nikiwa porini, tena bila karata. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba. Mbele yangu kulikuwa na gari la mzee wetu, dereva mkongwe kuliko wote pale ofisini, yule aliyenifundisha kuendesha kwenye tope nilipoanza kazi. Nikaona gari lake limesimama kando ya mto. Injini imezimwa. Yeye mwenyewe ameegemea kiti, anafungua chupa yake ya chai kama mtu asiye na haraka yoyote duniani. Kwenye redio nikamwuliza kuna nini hapo. Akajibu kwa uchovu, "Hakuna kitu mama, napumzisha wageni tu."

Nikacheka peke yangu. Nikawaambia wageni wangu washike kamera. Nikasogea, nikatazama juu ya mti, na chui alikuwa pale, mguu mmoja unaning'inia.

Lazima nieleze. Sisi tukiona chui hatupigi kelele. Ukitangaza kwenye redio, baada ya dakika kumi kuna magari thelathini, chui anashuka anaondoka, na wageni wako wamelipia safari nzima kuja kutazama migongo ya magari. Kwa hiyo dereva anajifunza kuzima injini, kupunguza sauti, kujifanya amechoka. Tunajifunza mpaka inaingia kwenye damu. Na kwa sababu wote tumejifunza kitu kimoja, hakuna dereva wa Arusha anayedanganywa na mwenzake aliyezima injini.

Nilikaa chini ya ule mti nikiwa na hasira na nafsi yangu. Miaka miwili nimekuwa nikificha karata kama ninavyoficha chui, mbele ya watu ambao kazi yao ni kusoma dereva aliyeficha chui. Mgeni mmoja akaniuliza kama nina tatizo. Nikamwambia hapana, nimegundua mimi ni mjinga.

Na chui ana deni lingine kwangu, la zamani zaidi.

Nina mabinti wawili. Wanaishi na mama yangu huko juu, kwenye mteremko wa Meru, kwenye migomba na kahawa, kwa sababu mimi nina chumba Lemara na nusu ya mwezi simo ndani yake. Mkubwa alipopata kipaimara, miaka miwili iliyopita, nilikuwa nimemwahidi nitakuwepo. Meneja akanibadilishia ratiba siku mbili kabla. Nikaenda safari. Jumapili ile, saa ileile ambayo mchungaji alikuwa anaweka mkono juu ya kichwa cha mwanangu, nilikuwa nimezima injini chini ya mti, chui yuko juu, wageni wanalia kwa furaha. Walinipa bahasha nzuri jioni yake. Sikuifungua kwa siku tatu. Binti yangu hakunilaumu hata neno moja. Aliniletea picha, akanionyesha nani ni nani, akanitengea chai. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya mdogo. Jumapili ya pili ya Desemba. Nilimpigia simu mwezi mmoja kabla nikamwambia nakuja. Akasema, "Sawa mama." Namfahamu mwanangu. Ile ilikuwa sawa ya mtu asiyetegemea kitu.

Jumatatu ya wiki hiyo meneja akatuita. Safari imeingia ghafla, familia ya watu sita, inaondoka Jumamosi asubuhi, siku tano. Madereva waliokuwa mjini tulikuwa watatu tu: mimi, mzee wetu, na dereva mwingine ambaye mimi namwita jirani kwa sababu tunakaa mtaa mmoja Lemara. Meneja akasema hataki kelele ofisini kwake. "Pangeni wenyewe. Alhamisi mchana mniletee jina moja."

Tukatoka nje tukaanza. Jirani alisema Jumamosi ni send-off ya dada yake anayeolewa, na yeye ndiye kaka pekee, nani atamkabidhi? Mzee alisema ameshanunua mabati ya banda la ng'ombe kule kwake Usa River, fundi amempata kwa shida, mvua imeshaanza kunyesha juu ya ndama, na mke wake amesema asipoezeka wiki hii atalala humo bandani yeye. Mimi nikasema kipaimara. Wote wawili walijua habari ya mwaka ule. Lakini hakuna aliyesema "basi nenda." Sikuwalaumu. Ningekuwa mimi nisingesema.

Tulibishana Jumanne. Tukabishana Jumatano. Alhamisi asubuhi mzee akachoka, akaleta deli, akalipindua, akatoa pakiti ya karata mfukoni.

"Vizibo ishirini kila mtu," akasema. "Tunacheza mpaka mama lishe aite chakula. Mwenye vichache ndiye anayeendesha. Na asinune mtu."

Tukapeana mikono. Nilikubali haraka kuliko wote wawili, na ukweli ni kwamba sikuogopa. Nilikuwa na wiki mbili za kujua kitu ambacho wao hawakujua kwamba nakijua.

Ila karata hazina habari na mtu. Asubuhi ile nilipata takataka. Jozi ya mbili. Mchanganyiko. Jozi ya nne ikakutana na jozi ya nane. Niliongea kama kawaida yangu, nikalalamika, nikaweka chini. Mawingu yalikuwa yamefunika Meru mpaka kiunoni, kijana wa kuosha magari hakuja siku hiyo, kwa hiyo uwanja wote ulikuwa wetu. Ilipofika saa sita na nusu nilikuwa na vizibo kumi. Wenzangu walikuwa na zaidi ya ishirini kila mmoja. Upande wa pili wa ukuta mama lishe alishaanza kugonga mwiko kwenye sufuria, kitu anachofanya kila siku dakika chache kabla ya kuita.

"Dada, leo umepigika," jirani akasema. "Wageni watakupenda lakini. Watu sita, watoto wanne."

"Gawa karata," nikamwambia. "Mdomo huo utautumia kwenye send-off."

Mzee akasema hii ndiyo ya mwisho. Kila mmoja akatanguliza kizibo. Jirani akagawa.

Nikaokota zangu moja moja. Tisa. Malkia. Tisa. Tatu. Tisa.

Mkono wangu ulikwenda kwenye chupa ya maji wenyewe. Naapa, sikuutuma. Vidole vilishagusa kifuniko. Nikauona mkono wangu pale kama mkono wa mtu mwingine, na nikauona mti, na mguu unaoning'inia, na mzee ameketi mbele yangu na macho yale yanayoona sikio la simba kwenye nyasi umbali wa mita mia tatu. Nikaichukua ile chupa nikamrushia jirani.

"Hebu nijazie maji, umekaa karibu na bomba. Na hizi springi nimemwambia meneja mara ngapi? Mara ngapi? Nikienda na hilo gari Jumamosi watoto wa watu watarudi kwao bila meno."

Mzee akaweka vizibo viwili. Nikaweka viwili, huku naendelea na springi. Jirani akarudi na maji, akaweka viwili. Tukabadilisha. Jirani alichukua tatu. Mzee alichukua moja tu, nikajua ana jozi mbili na anatafuta ya tano. Mimi nikatupa malkia na tatu.

Ya kwanza iliyokuja ilikuwa sita. Ya pili ilikuwa tisa ya kopa.

Sasa nisikilizwe vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoharibu. Ukishika karata kama ile, kuna tamaa mbili zinakuja kwa pamoja. Ya kwanza ni kusubiri, kuikumbatia, kufurahi nayo peke yako. Ya pili ni kurusha kila kitu katikati kwa pupa. Zote mbili zinafukuza watu. Karata kubwa ambayo hakuna anayeilipia ni pambo. Nilikuwa nimebakiwa na vizibo saba. Nikichukua vilivyoko mezani peke yake, bado mimi ndiye wa mwisho, bado mimi ndiye naondoka Jumamosi. Nilishahesabu wakati nalalamikia springi. Ilikuwa lazima mmoja wao anifuate mpaka kizibo changu cha mwisho.

Kwa hiyo ilinibidi nifanye kile ninachofanya nikiwa sina kitu. Na nikiwa sina kitu, mimi napiga kelele.

Mzee aliweka viwili, taratibu. Jirani akatazama zake, akazitupa hata kabla ya zamu yake. "Mimi sipo."

"Mzee," nikasema, "hivi hayo mabati si yangesubiri wiki moja tu? Ng'ombe ameishi na mvua tangu aumbwe. Mtoto wangu anapata kipaimara mara moja tu."

"Tucheze, mama," akasema mzee.

"Nacheza! Nani kasema sichezi?" Nikasukuma vizibo vyangu vyote saba katikati, kwa nguvu, kimoja kikaruka kikaanguka chini. "Haya. Vyote. Nitoe niondoke na hao watoto wanne nikafe njiani na springi zilizokatika. Ndiyo mnachotaka wote wawili."

Sauti yangu ilikatika kidogo hapo mwisho. Ile haikuwa mchezo. Niliiacha ibaki.

Mzee hakuhitaji kunifuata. Angeweka karata zake chini tu, angebaki na vizibo vya kutosha, angeezeka banda lake. Lakini mimi nimefanya kazi na yule mzee miaka tisa. Namjua. Tembo akipiga kelele mbele ya gari, mzee harudi nyuma, anasema anayepiga kelele hana nia. Na huwa kweli, kwa tembo.

Akanitazama. Nikamtazama. Niliendelea kupumua kwa hasira, ambayo ilikuwa rahisi, maana hasira nilikuwa nayo ya miaka miwili.

"Mama, wewe huna kitu," akasema. Akahesabu vizibo vitano, akavisogeza. Akafunua: wafalme watatu, saba mbili. Kitu kikubwa sana. Jirani akapiga mluzi.

Nikafunua zangu moja moja. Tisa, tisa, tisa, sita, tisa.

Mama lishe akaita chakula.

Hakuna aliyeinuka. Mzee alizichukua zile tisa nne, akazipanga mkononi mwake, akazigeuza moja moja kana kwamba nyuma yake kumeandikwa kitu. Kisha akasema, na alikuwa amekasirika kweli, "Umenidanganya."

"Sijakudanganya, mzee. Springi zimekatika kweli."

"Zikatike tu!" akasema. Akainuka, akaenda zake kula, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikula amenipa mgongo. Ijumaa nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia "marahaba" ya mtu anayetimiza wajibu. Lakini kabla ya kuondoka alinirushia funguo za stoo yake ya Usa River. "Fundi anakuja kesho saa mbili. Anaiba misumari. Simama hapo."

Nilisimama. Jumamosi nzima nilikuwa Usa River nimemkazia macho fundi, ndama ananilamba gauni, mke wa mzee ananiletea uji na kuniuliza imekuwaje mume wake kaenda safari. Nikamwambia tulipanga ofisini. Banda liliezekwa. Misumari ilibaki, nikaihesabu mbele ya fundi, na yeye akaninunia.

Jumapili nilifika kanisani kabla ya kengele. Mama yangu ni mzee wa kanisa, alikuwa mlangoni na kitenge chake cha siku kubwa. Nikamwamkia. Akaitikia, akanitazama juu mpaka chini.

"Ofisi wamekupa ruhusa?"

"Nimeshinda karata, mama."

Sikupanga kusema. Ilitoka. Akakaza kitenge chake, watu wanapita wanatusalimia. "Kaa benchi la mbele," akasema mwishoni. "Na usimwambie mchungaji."

Watoto wa kipaimara walikuja kwa mstari, wasichana mbele, wote wamevaa nyeupe, soksi nyeupe, maua mkononi. Mwanangu alikuwa wa nne. Alinitafuta kwanza nyuma, kule wanakokaa wanaochelewa. Halafu akatazama benchi la mbele. Akakosea hatua, akamkanyaga mwenzake, akarudi mstarini. Mchungaji alipofika kwake na kuinua mkono, mimi sijui nilifanya nini. Nilidhani nimekaa kawaida tu. Nilidhani nimejizuia vizuri.

Baadaye nje, baada ya mashada ya maua na picha na wageni kuanza kuteremka kwa mama kula nyama na loshoro, yale makande ya maziwa ya mgando, tulibaki kidogo sisi watatu, mimi na mabinti zangu, kando ya ukuta wa kanisa. Mdogo alikuwa na maua shingoni mpaka kwenye pua. Alikuwa anacheka.

"Mama, nilikuona. Ulivyokaa! Mikono magotini, umenyamaza, hupepesi macho. Kama siku ile ulitupeleka mbugani, ukazima gari, tukajua tu tayari umeona chui."

Tukacheka wote. Mimi nilicheka zaidi, nikijifuta macho, nikifikiri kwamba nimewashinda madereva wote wa Arusha na siwezi kumficha mtoto wa darasa la saba.

Mkubwa alikuwa ameshika simu, anapitia picha alizopiga. Hakuinua kichwa.

"Na mimi siku yangu," akasema, "ungekaa hivyohivyo?"

Aliuliza kwa upole, kama anayeuliza kama chai inatosha. Miaka miwili alikuwa ameshika swali hilo mkononi na sikumwona. Mimi, ninayesoma watu.

"Ningekaa hivyohivyo," nikamwambia. "Ningekuwa nimelia pia."

Akaitikia kwa kichwa. Akaendelea kupitia picha mpaka akaipata moja, akanisogezea simu nione. Ilikuwa yangu mimi, benchi la mbele. Alikuwa amenipiga mimi peke yangu, na baada ya ile kulikuwa na nyingine, na nyingine, na nyingine.